Ukitaka kubana matumizi, usianzie kwenye stendi ya tangi la samaki

Wadau wa huku Uingereza, leo naomba tuongee jambo ambalo wengine wataona ni anasa: tangi kubwa la samaki ndani ya nyumba ya kupanga. Kuna wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa, kuna wenye samaki wa Ziwa Tanganyika, na mtu wa Kyela au Kigoma akiwaona sebuleni kwake baada ya shifti ya usiku, moyo unatulia. Sina ugomvi na hilo. Mtu anayetuma nyumbani kila mwezi na kuweka akiba yake ana haki ya kuwa na kitu kimoja cha kumfurahisha.

Ugomvi wangu ni mahali tunapoamua kubana pesa. Mtu ananunua tangi la maana, chujio la maana, taa za kisasa, halafu lote analiweka juu ya kabati la mitumba la kuwekea televisheni. Anasema ameokoa hela. Mimi ni mhasibu, na kwa hesabu zangu huyo hajaokoa kitu. Amehamisha gharama kutoka dukani, akaiacha inamsubiri sakafuni.

Hebu tupige hesabu. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 linabeba lita 300. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo una kilo 300. Kioo cha milimita 10 kina uzito wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na tangi hilo linatumia kama mita za mraba 2.3, yaani karibu kilo 58. Weka mchanga, weka mawe ambayo mbuna hawawezi kukaa bila hayo, ongeza na stendi yenyewe. Unafika kwenye kilo 400. Hiyo ni mifuko 8 ya saruji imepangwa sehemu moja, usiku na mchana, miaka na miaka. Kabati la chipubodi halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na chipubodi ikinywa maji inavimba na kumomonyoka, na kwenye tangi la samaki maji hayakosi kumwagika.

Sasa angalia upande wa pili wa daftari. Hapa England, kama kodi yako haifiki pauni 50,000 kwa mwaka, dipoziti haizidi kodi ya wiki 5, na mwenye nyumba anaruhusiwa kudai humo uharibifu uliousababisha. Lita 300 zikimwagika ghorofa ya pili, zulia limekwenda, mbao za sakafu zimelowa, dari ya jirani wa chini imeharibika. Dipoziti inaweza isitoshe. Kinachobaki utakitoa wapi? Tuseme ukweli: kwenye ile hela ya ada ya mdogo wako au ya kiwanja. Ndiyo maana nasema stendi si suala la fundi peke yake, ni suala la bajeti.

Habari njema ni kwamba stendi imara ya mbao haihitaji ufundi mkubwa. Inahitaji kuelewa jambo moja: uzito ubebwe na mbao, usibebwe na skrubu. Miguu isimame wima chini kabisa ya fremu ya juu, mbao juu ya mbao, mpaka sakafuni. Ukipigilia fremu ubavuni mwa miguu, kilo 400 zote zinaning'inia kwenye skrubu chache. Kazi ya skrubu na gundi ni kushikilia tu visihame.

Kwa tangi hilo la sentimita 120, chukua mbao za milimita 38 kwa 89 zenye muhuri wa C16 au C24, maana yake zimepimwa nguvu kwa ajili ya ujenzi. Mbao 5 za mita 2.4 zinatosha. Kila moja kati ya nne za kwanza inatoa kipande cha sentimita 120, hao ndio wabebaji wa fremu ya juu na ya chini. Mabaki ya tatu kati ya hizo yanatoa miguu 6 ya sentimita 55.4: minne pembeni, miwili katikati. Mabaki ya ya nne pamoja na ubao wa tano yanatoa vipande 6 vya kukatiza, sentimita 42.4 kila kimoja. Juu weka plaiwudi ya milimita 18. Urefu unakuja sentimita 75. Mgongoni na ubavuni funga plaiwudi ya milimita 12, ukiipiga skrubu kwenye fremu na kwenye miguu. Usiiruke hii, maana ndiyo inayozuia stendi isiyumbe kushoto na kulia. Paka vanishi kila upande, hata chini.

Kabla ya kuweka tangi, tumia pimamaji. Kama sakafu iko tenge, weka kipande chini ya stendi, kamwe usiweke kati ya stendi na kioo. Jaza robo ya maji kwanza, pima tena, ndipo uendelee.

Na sakafu yenyewe je? Nyumba nyingi za hapa zenye sakafu ya mbao hukadiriwa kubeba kama kilo 150 kwa mita ya mraba. Tangi letu linakandamiza zaidi ya kilo 600 kwa mita. Si lazima sakafu ianguke, kwa sababu mzigo uko sehemu ndogo ya chumba, lakini liweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, likatize boriti za sakafu badala ya kulala juu ya moja. Kama unakaa ghorofani kwenye jengo la zamani, mlipe mhandisi aje aangalie, au chukua tangi dogo. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na soma mkataba wa bima yako uone unasemaje kuhusu maji ya tangi la samaki.

Kuna watakaosema: si bora kununua stendi ya kiwandani? Kama huna msumeno wala drili, na kuvinunua kutakugharimu kuliko stendi, basi nunua. Piga hesabu ya vyote, pamoja na siku ya mapumziko utakayopoteza. Ninachokataa ni njia ya tatu, ile ya "hili kabati litashika tu".

Mpangilio wangu wa matumizi ni huu: kwanza ya kutuma nyumbani na akiba ya dharura, kisha stendi, kisha tangi, samaki mwisho. Kama hela ya stendi bado haijapatikana, hata ya tangi haijapatikana. Subiri miezi miwili. Mbuna hawaishi madukani.