Usinikatie Ethi, Niache na Mvumo Wangu

Kuna ushauri unazunguka mitaani na kwenye video zetu, na leo nataka kugombana nao. Ushauri wenyewe ni huu: spika zikivuma, kata waya wa ethi, mvumo utaisha. Na kweli unaisha. Hapo ndipo shida ilipo.

Mvumo ninaosema mnaujua. Hujaweka wimbo, umewasha tu, na spika inaanza mmmmmm kama nyuki ndani ya mtungi. Nilikaa nao hapa Ukunda karibu miezi mitatu. Mimi kuhariri sauti ndiyo ugali wangu, na kuna kazi ya tangazo nilirudishiwa kwa sababu chini ya sauti ya msomaji kulikuwa na kelele. Sikuisikia. Masikio yalishazoea mvumo wa spika zangu, nikadhani ni ule ule wa kila siku.

Nikaita fundi. Akasikiliza, akacheka. "Kijana, hii ni ethi tu hii. Dakika mbili." Akafungua plagi ya amplifaya, akakata ule waya wa kijani wenye mstari wa njano, akafunga. Kimya! Nikamlipa na soda juu. Nikarekodi hata video ya kumsifu. (Nishaifuta, msiitafute.)

Wiki chache baadaye mdogo wangu katoka kuoga, miguu majimaji, sakafu ya simiti, anataka kupunguza sauti. Kushika tu ile bodi ya chuma ya amplifaya, stima ikamrusha. Akaangukia kitanda. Mkono ulimtetemeka mpaka magharibi. Alhamdulillahi, yuko mzima.

Kumbe ndani, waya wa stima ulikuwa umechubuka pale unapoingilia, ukawa unagusa bodi. Hilo linaweza kutokea kwa mashine yoyote iliyozeeka. Kama ethi ipo, stima inayogusa bodi inakimbilia ardhini kwa nguvu, fyuzi inakatika, na wewe unabaki ukilalamika kwamba amplifaya imekufa. Kama ethi imekatwa, stima haina pa kwenda. Inakaa pale kwenye chuma, volti 240, inangoja mtu. Tazama plagi zetu za pini tatu: pini ya ethi ni ndefu kuliko zingine. Imefanywa hivyo makusudi, iwe ya kwanza kushika na ya mwisho kuachia.

Na mbona mimi niligusa amplifaya ile siku zote nisirushwe? Nilijiuliza sana. Pengine ni kwa sababu ya laptopu. Ilipokuwa imeunganishwa na iko kwenye chaja ya pini tatu, bodi ya amplifaya ilikuwa inaazima ethi ya chaja kupitia kebo ya sauti. Siku ile laptopu nilikuwa nimetoka nayo, na yeye alikuwa anasikiliza kwa simu, kwa Bluetooth. Yaani maisha ya mdogo wangu yalikuwa yamening'inia kwenye kakebo ka jaki.

Na kakebo hako hako ndiko kalikoleta mvumo tangu mwanzo. Amplifaya ilikuwa na ethi yake kwenye soketi moja, laptopu na yake kwenye soketi nyingine upande wa pili wa chumba. Ukiziunga kwa kebo ya sauti, umetengeneza duara: ethi ya huku, kebo, ethi ya kule, ukutani, unarudi. Stima yetu inayumba huku na huko mara 50 kwa sekunde. Ndani ya duara lile kunapita mkondo mdogo unaofuata kuyumba huko, amplifaya inauchukua kama muziki na kuukuza. Kwa hiyo fundi hakukosea alipotaja ethi. Alikosea sehemu ya kukata.

Duara unaweza kulivunja bila kuchezea maisha ya mtu. Mimi nilichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo ukapungua nusu. Halafu nikaweka aisoleta, kidubwana cha kwenye kebo ya sauti chenye vitransfoma vidogo ndani: muziki unavuka kwa sumaku, waya kwa waya hazigusani tena. Ukamalizika. Ethi nimeirudisha, waya uliochubuka umebadilishwa, na fundi wa pili alinionyesha kila alichofanya.

Lakini msikimbilie kununua aisoleta. Si kila mvumo ni duara. Kwanza chomoa kebo zote za sauti, bakisha stima tu. Kama bado spika inaunguruma, ugonjwa uko ndani ya mashine, mara nyingi kapasita zimechoka, na hiyo ni ya fundi, usifungue mwenyewe kwa sababu kapasita inaweza kubaki na moto hata ukizima. Kama imenyamaza, rudisha kebo moja moja mpaka umjue mwizi. Kwenye nyumba yenye dekoda, chomoa waya wa dishi uone. Laptopu, itoe kwenye chaja itumie betri. Zima feni pia! Huku kwetu feni haizimwi, na vile vizungusho vya kupunguza mwendo vingine vinatia kelele kali ndani ya spika. Na ukiwa karibu na bahari, tazama jaki yako. Chumvi inaila mpaka inakuwa kijani, na jaki isiyoshika vizuri inavuma yenyewe bila msaada wa mtu. Wengi wananunua wufa mpya kumbe wanaumwa na kebo.

Najua mtakachoniambia. "Mbona wufa yangu imekuja na pini mbili na sijafa?" Sawa. Kuna vyombo vilivyotengenezwa visihitaji ethi, vimefunikwa mara mbili, tafuta alama ya mraba ndani ya mraba mwingine kwa nyuma. Hicho kilipimwa hivyo tangu kiwandani. Chombo chenye bodi ya chuma na pini tatu, ukakikata moja, hujakigeuza kuwa kile. Umekiharibu tu.

Kuna wengine hali yao ni mbaya zaidi na hawajui. Rafiki yangu yuko Msambweni, chumba cha kupanga, soketi za pini tatu nzuri zinang'aa. Spika zake zinavuma, na akishika chuma cha laptopu mvumo unapungua huku vidole vinatekenywa na stima. Tulidhani ni laptopu mbovu. Sivyo. Nyuma ya soketi zile hakuna ethi kabisa. Chaja inavujisha kistima kidogo ambacho kazi yake ilikuwa kushuka ardhini, sasa kinapita kwake. Kile peke yake hakiui. Lakini kinakwambia kwamba siku waya mkubwa utakapochubuka, hakuna kitakachokukinga.

Ndiyo maana nasema hii si habari ya muziki peke yake. Mwenye nyumba anapaka rangi, anaweka geti, anapandisha kodi, na fimbo ya ethi haweki, au ameweka kipande kifupi kwenye mchanga mkavu, au kimegonga mawe ya matumbawe hapa Diani kikaachwa juu juu. Mpangaji haioni, hawezi kuilalamikia. Sisi tunaopanga tuna tabia ya kuuliza maji na token, basi. Uliza ethi. Kuna plagi ndogo ya kupimia yenye taa tatu, fundi mwenye leseni anayo, unachomeka, sekunde mbili unajua kama ethi imeunganishwa. Afanye kabla hujalipa mwezi wa kwanza, kwa sababu ukishaingia hutasikilizwa.

Na nyinyi wenzangu mnaopost "siri ya kuondoa mvumo" mkiwa na koleo mkononi: futeni. Nilikuwa mmoja wenu. Video yangu ilikuwa na watazamaji wengi kuliko chochote nilichowahi kutengeneza, na sijui ni nyumba ngapi kuna amplifaya imekaa kimya kizuri kwa sababu yangu.

Yangu sasa ina ethi, nimeipima mara tatu. Mdogo wangu hajaigusa tena. Akitaka kupunguza sauti anasimama mlangoni, "Kaka, njoo," nami naacha ninachofanya, naenda.