Mchagua Jembe si Mkulima: Okidi Haihitaji Chombo cha Bei, na Msitu si Kitalu Chako

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

Juzi nilifika kwa mama mmoja huku chini ya milima ya Usambara Mashariki. Akanionesha vyombo sita vya plastiki, vyeupe, vinang'aa, kila kimoja kina kikapu ndani na kipimo cha maji pembeni. Aliuziwa kama "seti ya okidi". Nikamuuliza, "Mama, na miche umenunua wapi?" Akacheka kwa aibu. Fedha ziliishia kwenye seti, kwa hiyo kijana wake alipanda miti msituni akambandulia okidi sita. Nilipozivuta, zote sita zilitoka bila kushika. Mizizi ilikuwa imegeuka uji.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa mzima wa biashara hii. Chombo kinakula mtaji, mmea unaibwa msituni, na mmea ulioibwa unafia ndani ya chombo cha bei. Anayebaki na faida ni muuza chombo peke yake. Mimi nasema tugeuze: chombo kitengenezwe nyumbani bila gharama, na fedha yote iende kwenye mche halali.

Unauziwa nini hasa?

Kilimo hiki wanakiita nusu-haidroponiki. Jina ni kubwa, jambo ni dogo. Okidi haikai kwenye udongo, wala mizizi yake haielei kwenye maji. Inakaa katikati ya vipande vinavyofyonza maji, ndani ya chombo kisichotoboka chini. Pembeni, karibu na kitako, kuna matundu mawili. Maji yakizidi yanatoka kwenye matundu, yanayobaki chini yanakuwa akiba. Vipande vinayavuta maji hayo kwenda juu kidogo kidogo, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Mizizi inapata unyevu na hewa kwa wakati mmoja. Basi, hakuna siri nyingine.

Sasa niambie, katika maelezo hayo ni kitu gani ambacho chupa ya maji ya lita 1.5 haiwezi kufanya? Ikate shingo. Pasha msumari moto, toboa matundu mawili upande mmoja, kimo cha sentimita 3 kutoka chini. Umemaliza. Kwa mmea mkubwa tumia kidumu cha mafuta ya kula cha lita 5 kilichokatwa juu. Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu au magugu. Chupa ikiwa angavu, izungushie gazeti au kitambaa cheusi, maana mwanga ukiingia utaota ukijani ndani.

Watakwambia, "Chombo sawa, lakini lazima ununue vidonge vyetu maalumu." Vidonge hivyo vinaitwa LECA. Ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwenye tanuru mpaka ukavimba na kuwa na vitundu ndani. Udongo uliochomwa! Je, tofali la kuchoma ni nini? Kwa haki nitasema hivi: vidonge vya kiwandani ni vyepesi, ni safi, na vinalingana ukubwa. Mtu wa mjini mwenye uwezo akivinunua, hajakosea. Lakini wewe unayepita kila siku kando ya tanuru la matofali na rundo la vipande vilivyovunjika, unanunua nini?

Vunja vipande viwe kati ya ukubwa wa karanga na wa korosho. Vikubwa mno havipandishi maji, vidogo mno vinabanana na kunyima mizizi hewa. Chekecha vumbi, osha, kisha loweka kwa siku mbili. Kipande kinachorudi kuwa tope hakikuiva, kitupe. Usichukue tofali la saruji, lina chokaa. Kokoto za mtoni nazo hazifai, hazifyonzi kitu. Wenzetu wa maeneo ya volkano, kama Rungwe na Arusha, mnaweza kutumia yale mawe mepesi yenye matundu. Wakulima wa maua wa Naivasha, Kenya, wanaotesha waridi za kuuza Ulaya juu ya mawe ya aina hiyo hiyo.

Wahenga walishasema, mchagua jembe si mkulima.

Kwa nini okidi ya msituni inakufa

Nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wengi wanaona okidi iliyo juu ya mti kama kitu kisicho na mwenyewe. Wanabandua, wanafunga kwenye mfuko, wanauza kando ya barabara. Tuiache sheria kwanza, tuongee biashara.

Okidi za mtini mizizi yake imezoea upepo. Ina tabaka jeupe kama sifongo linalonyonya mvua kisha kukauka haraka. Mizizi hiyo ya zamani ukiizamisha kwenye chombo chenye unyevu wa kudumu, inakosa hewa na kuoza. Mmea unapona tu ukiwahi kuotesha mizizi mipya inayozaliwa ndani ya unyevu huo. Ndiyo maana hata okidi ya kitaluni tunaihamisha pale tu tunapoona ncha mpya za kijani zikichomoza kwenye shina. Sasa okidi iliyobanduliwa imegandamana na gome. Ukiivuta, ncha zote zinabaki mtini. Umeleta nyumbani mmea usio na mizizi mipya, na ile ya zamani unaenda kuiozesha. Uliyemuuzia naye atakuona tapeli, na harudi.

Na kule msituni hakuna wa kuziba pengo upesi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na aina ya kuvu wa kuilisha, kisha inachukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Tunaona yanayotokea Nyanda za Juu Kusini, ambako viazi vya okidi za ardhini vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda. Kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mmoja umekwisha. Kitulo, ile tunayoiita Bustani ya Mungu, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Hata hivyo, uzio wa sheria hautoshi kama mnunuzi bado yupo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kutoa mazao ya msitu ndani ya hifadhi bila kibali, na okidi zimo kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama kuvuka mipaka. Anayekutuma msituni hatakaa mahabusu pamoja nawe.

"Lakini Bwana Shamba, sisi ni maskini"

Najua, nimelisikia hilo mara nyingi. "Msitu ni wetu, tuache tujipatie riziki." Sawa, msitu ni wetu. Je, mtu mwenye shamba la minazi huuza minazi au huuza nazi?

Tazama ua la Usambara lenyewe, Saintpaulia. Mjerumani Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa wilaya huku, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Leo linauzwa madirishani duniani kote, na sisi wenye milima hatuna tunachopata. Wale waliotajirika hawakurudi kila mwaka kubandua mawe ya Usambara. Walizalisha, jani moja likawa mche, mche ukawa kitalu. Fedha ilikuwa kwenye kuzalisha, nasi tumebaki na kazi ya kung'oa.

Tuseme una shilingi 100,000. Ukiimalizia kwenye vyombo, una vyombo. Ukiipeleka kitaluni kununua miche mama michache ya Dendrobium yenye afya, una kiwanda kidogo. Dendrobium mashina yake yamesimama kama miwa myembamba, na shina la zamani mara nyingi hutoa vichipukizi vyenye mizizi yao. Kichipukizi kikiwa na mizizi ya urefu wa kidole, kikate kwa kisu kilichopitishwa motoni na kukipa chupa yake. Mmea mama ukishajaa nao unagawanywa, kila fungu libaki na mashina matatu au manne.

Sikudanganyi: okidi si mchicha. Kichipukizi kinaweza kuchukua miaka miwili kabla ya ua. Usikope kwa ajili yake, wala using'oe migomba yako. Anza na chupa tano kwenye kivuli cha baraza, na uandike kila shilingi, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukishapanda

Mwagilia kutoka juu mpaka maji yatoke kwenye matundu. Rudia akiba ya chini inapokaribia kuisha, usifuate kalenda. Maji ya mvua ndiyo bora, ya kisima chenye chumvi yatakuharibia. Mbolea iwe NPK inayoyeyuka, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10 za maji, siyo zaidi. Urea peke yake haifai, inategemea bakteria wa udongoni na hapa hakuna udongo. Kila mwezi suuza kwa maji matupu. Ukiona ukoko mweupe juu ya vipande, ni chumvi ya mbolea, suuza zaidi. Maji yasionekane juu ya vipande, tusije tukafuga mbu.

Chagua aina kwa hali ya hewa yako. Muheza na Tanga kwenye joto, Dendrobium na Phalaenopsis zinafaa. Lushoto usiku wa Juni na Julai ni baridi kali kwa hizo, na baridi ikikutana na maji chini ya mizizi, ni kuoza tu. Huko tafuteni Cymbidium.

Kwa wafanyabiashara nina ombi moja. Mtu akikuletea okidi yenye vipande vya gome na kuvumwani kwenye mizizi, usinunue, hata kwa bei ya kutupa. Usiponunua wewe, yeye hapandi mti. Wewe ndiye unayemtuma, hata kama hujawahi kukanyaga msituni.

Yule mama nimemshauri auze vile vyombo sita kwa mtu wa mjini. Fedha itakayopatikana ataenda nayo kitaluni. Chupa anazo, na tofali lililovunjika liko nyuma ya jiko lake.