Goti haina piesi ya kubadilisha



Tangu somo la selule, neno moja linasikilika sana kwa kiwanja: «Cheza tu, goti ikiharibika waganga watatengeneza ingine na selule.» Sisi wa mwaka wa sita hatukubali neno hilo.

Ni kweli, selule ya ngozi na ya kartilaje (ile nyeupe yenye kuteleza, tunayoitafuna kwa mifupa ya kuku bila kuiheshimu) ziko na ADN moja. Lakini ADN imezungushwa juu ya proteini zinazoitwa histoni, na alama ndogo za kemia, kama metili, zinabandikwa pale. Alama hizo zinafunga jeni moja, zinafungua ingine. Maandiko hayabadiliki, ni kusomwa kwake ndiko kunabadilika. Hiyo wanaiita epijenetiki.

Waganga wanatoa selule-shina katika uboho wa mfupa na kuzipa proteini TGF-beta. Jeni SOX9 inaamka, selule inaanza kutengeneza kolajeni ya aina ya II, na kartilaje inapatikana. Wenzetu wanaishia hapo na kupiga makofi. Kumbe selule yenyewe haisimame! Inavimba, inatengeneza kolajeni ya aina ya X, inashika njia ya kuwa mfupa. Kwa mtoto anayekomaa ni vizuri, ndivyo mifupa yake inarefuka. Lakini kwa goti la mchezaji, nani anataka mfupa pahali pa kuteleza?

Mwaka 2008 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitazama mlango wa jeni ya kolajeni X. Katika selule ya kartilaje ya kweli, metili inabaki pale na jeni inanyamaza. Katika selule-shina iliyofundishwa kazi mpya, metili inatoka kwa pahali pawili, na jeni inaanza kusema. Kufundisha selule kunawezekana. Kuizuia isipite kipimo ndiyo kazi ngumu.

Tena kartilaje haina mishipa ya damu, ikichanika haiponi kama kidonda cha ngozi.

Basi kwa nini tunamfunga mwenzetu kitambaa kwa goti lenye kuvimba na kumrudisha kwa mechi, eti shule isipate haya? Tunaomba Bwana Prefe na walimu wa michezo waweke sheria: goti ikivimba, mchezaji anatoka, hata tukipigwa tatu kwa sifuri. Na jioni, kwa dortuari, mtu asimwite mwoga.

Kwa jina la wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita