WRX S4: Wacheni Kuniuliza Inafika Ngapi

Wasee, tangu niseme nimepata nafasi ya kuendesha Subaru WRX S4, inbox yangu imejaa swali moja tu: inafika ngapi? Hakuna anayeuliza breki ziko aje, inakunywa mafuta kiasi gani, ama tairi seti moja ni pesa ngapi. Inafika ngapi. Wengine wananipa hadi ushauri wa bure: buda, ukigonga mia mbili shika video ya dashibodi, hiyo italeta watu.

Hiyo video sitaweka. Si eti gari haiwezi. Expressway ya Nairobi mwisho ni 80. Barabara iliyogawanywa katikati, gari ndogo inaruhusiwa 110, na zile za kawaida za kupishana ni 100. Kwa hivyo mtu akikuonyesha mia mbili hapa Kenya, hajakufunza lolote kuhusu gari. Amekuonyesha tu kwamba dakika hiyo barabara ilikuwa tupu na hakuna ng'ombe aliyeamua kuvuka. Gari yoyote ya turbo itakimbia ukiinyoosha. Mimi nataka kujua inafanya nini barabara ikikataa kunyooka, na hapo S4 iko na maneno mengi.

Kwanza tutoe mkanganyiko. Watu mtaani wanaita zote "WRX" halafu wanabishana usiku kucha kumbe kila mtu anaongelea gari yake. Kwa zile zilizouzwa Japani kizazi hicho, kuanzia 2014, kuna STI na kuna S4. STI ina injini ya zamani ya EJ20, gia sita za mkono, nguvu farasi 308. S4 ina injini mpya zaidi, FA20, lita mbili na turbo, nguvu farasi 300, na gia yake ni CVT, hakuna klachi. Ukisoma hapo tu utasema STI imeshinda. Lakini angalia torki. STI inatoa 422, ila hadi injini ifike mizunguko 4,400. S4 inatoa 400, na inaanza kukupa zote ikiwa mizunguko 2,000 tu, inashikilia hivyo mpaka 4,800. Hiyo ndiyo tofauti utakayoisikia kwa mgongo, si zile farasi nane.

Ya kwetu ilikuwa ya 2018, ya rafiki yangu, imeingia nchini juzi juzi tu chini ya ile sheria ya magari yasiyozidi miaka 8. Tulitoka Westlands Jumapili asubuhi, tukapita Rironi, tukateremka Mai Mahiu hadi Naivasha, tukarudi njia hiyo hiyo. Nilichagua hiyo barabara makusudi. Ina mteremko, ina kona, ina malori, ina lami iliyochakaa upande mmoja na laini upande mwingine, na kule juu hewa ni nyepesi.

Hiyo hewa tuiongelee kidogo, kwa sababu majaribio mengi ya magari mnayotazama yamefanyiwa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu. Limuru imepita 2,200. Hapa Nairobi hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho. Ndiyo maana gari iliyokuwa moto Nyali inakuwa mzee ikifika Kimende. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hivyo inafidia sehemu kubwa ya hiyo hasara. Haifidii yote, na inabidi izunguke zaidi kupata presha ile ile, lakini kupanda kutoka Mai Mahiu tukiwa wanne ndani na buti imejaa, gari haikuwahi kulalamika. Nilikuwa nyuma ya trela mbili zilizokuwa zinatambaa. Nikangoja mpaka mstari wa katikati ukaruhusu na mbele nikaona mbali, nikakanyaga.

Hapa sasa ndipo nina neno na hii CVT. Ukikanyaga ghafla ikiwa kwa hali ya kawaida, kuna kamuda gari inafikiria. Ni kadogo, lakini ukiwa upande usio wako wa barabara kadogo ni kubwa. Dawa iko: kuna swichi kwa usukani inayobadilisha tabia ya injini, na ukiiweka S#, ile ya mwisho kabisa, gia inajifanya iko na hatua nane na inajibu haraka zaidi. Ukivuta na pedali ya kushoto nyuma ya usukani kabla hujatoka nyuma ya lori, basi nguvu inakuta tayari. Tangu nijue hilo, kupita malori kukawa kitu cha sekunde chache na moyo umetulia. Kwangu hii ndiyo kazi ya farasi 300 kwenye barabara zetu: kupunguza muda unaokaa mahali ambapo lori la upande ule linaweza kukukuta.

Lakini utamu wa gari hii si injini. Ni kona.

Injini ya boxer imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia badala ya kupanda na kushuka, kwa hivyo uzito uko chini. Magurudumu yote manne yanavuta, na mgawo wa kawaida ni 45 mbele na 55 nyuma. Gari nyingi za magurudumu manne, ukiingia kona na kasi kidogo, pua inakataa, inataka kwenda moja kwa moja kwa shamba la mtu. S4 pua inaingia. Ukikanyaga ukiwa katikati ya kona unasikia nyuma inasukuma, na kompyuta inashika breki kidogo kwa gurudumu la ndani ili gari izunguke vizuri zaidi. Mwili haulali. Pale karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano wakati wa vita kuna kona ambazo kwa gari ya kawaida abiria wote wanashika vishikio. Rafiki yangu alikuwa kiti cha nyuma anakula viazi karai, hata hakuinua kichwa. Baadaye akaniuliza, "Buda, mbona unaendesha ni kama umebeba mayai?" Nikamwambia aangalie dashibodi. Tulikuwa tunaenda kasi kuliko alivyodhani.

Na hapo ndipo ninaogopa.

Hii gari inaficha mwendo. Haitetemeki, hailii, hailali. Gari mbovu inakupigia kelele mapema kwamba umezidisha. Hii inanyamaza, inanyamaza, halafu siku moja inanyamaza mara ya mwisho. Kuna kijana aliniandikia eti ameshapata mkopo wa sacco, anataka S4 kwa sababu "four-wheel haiwezi teleza." Ndugu yangu, inaweza. Magurudumu manne kuvuta kunakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari duniani iko na magurudumu manne yenye breki, hata Vitz ya shangazi yako. S4 ni kama tani moja na nusu. Ikinyesha Kinale na ukungu umeshuka, kinachokushikilia barabarani ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja. Turbo haiko kwenye hiyo hesabu.

Mtaniambia Subaru ilishinda Safari Rally. Ni kweli, Colin McRae 1997, Richard Burns 2000, wote wakiwa kwa Impreza, na mimi mwenyewe nimetazama hizo video mpaka nikachoka. Lakini wale jamaa walikuwa na helikopta juu inayowaonya kuhusu ng'ombe na matatu zilizo mbele. Wewe juu yako kuna korongo tu.

Kuna mambo madogo. Usukani wa S4 unasaidiwa na umeme, ni mwepesi na sahihi, lakini haukuongeleshi kama ule wa STI unaotumia mafuta. Mtu wa kawaida hatajali. Breki zilitosha mteremko wote, ila nilikuwa nazisaidia kwa kushusha gia na pedali, kwa sababu ukishuka Mai Mahiu ukiwa umekanyaga breki mwanzo hadi mwisho utazipika, iwe gari gani. Shoki ni ngumu. Mama yangu hawezi kukaa nyuma mpaka Nakuru bila kuniombea kwa sauti. Na kimo chake kutoka chini ni milimita 135, wakati Forester iko 220. Kila tuta ambalo mtu alijenga usiku mbele ya duka lake bila kulipaka rangi, utalijua kwa jina. Halafu nakuta wasee wanaishusha zaidi na springi za kukata! Subaru walikaa wakapima hiyo sasipensheni, wewe unaikata na grinda halafu unashangaa pua imeanza kukataa kona.

Mafuta: injini hii Japani inapewa petroli ya okteni ya juu, karibu 100. Super yetu ya kawaida haifiki huko. Weka ile bora unayoweza kupata, na kama pampu yenye mafuta hayo iko mbali na kwako, hilo liingie kwa bajeti kabla hujasaini kitu. Mtu anayekuuzia "remapu" ya kuongeza farasi kwa mafuta haya haya, muulize ni nani atalipia pistoni.

Kama unaenda kuangalia S4, usianze na boneti. Piga magoti usome tairi. Pembeni kuna tarakimu nne: 2318 maana yake wiki ya 23, mwaka wa 2018. Magari mengine yanakuja kutoka sehemu za baridi za Japani na tairi za theluji, laini, nzuri kwa barafu; kwenye lami yetu ya jua zinacheza chini yako kama ndala zilizolowa. Utadhani gari ni mbaya kumbe ni viatu. Pia usikubali kuuziwa za mitumba Kirinyaga Road kwa gari yenye uwezo huu. Halafu omba uendeshe mahali penye kona na tuta, si kuzunguka tu jengo la yadi. Geuza usukani hadi mwisho, usikilize. Funga breki ukiwa 60 mahali salama, uone kama inavuta upande.

Ningeinunua? Kuliko STI, ndiyo, kwa mtu anayekaa jamu ya Waiyaki Way siku tano na kusafiri siku mbili. Goti langu la kushoto limeshapiga kura. Kwa mtu wa miaka 20 anayetaka gari ya kwanza, hapana, na siwezi kubembeleza mtu kwa hilo.

Rafiki yangu naye alikuwa amenunua ekzosi ya kelele hata kabla gari itoke bandarini. Tuliporudi tukasoma tairi zake pamoja, zilikuwa za 2017. Sasa ekzosi inauzwa, iko bado kwa katoni, pesa inaenda kwa tairi nne mpya na alainimenti. Anayeitaka aniandikie. Bei inaongeleka.