Marumaru Si Kigae

Kuna neno linaloharibu sakafu za nyumba za zamani, nalo ni marumaru. Darasani tunafundishwa kwamba marumaru ni jiwe. Dukani na kwa mafundi, kigae chochote cha kiwandani siku hizi huitwa marumaru, na sisi wanafunzi tunafuata bila kuuliza. Ninapinga matumizi hayo, tena si kwa ajili ya usafi wa lugha peke yake.

Kigae ni udongo uliochomwa na kupakwa utando wa kioo. Hakiogopi ndimu wala siki. Marumaru ya kweli ni kalisiamu kaboneti, jamaa wa chokaa: ukiimwagia tindikali inatoa povu na uso wake unalika. Dawa nyingi za kusafishia choo zina tindikali ya haidrokloriki. Mtu akiamini kuwa vitu hivi ni kimoja, atachukua dawa ya chooni na kuimwaga sebuleni. Baka linalobaki haliondoki kwa sabuni, mpaka jiwe lisuguliwe upya kwa msasa.

Nilipotoka Kampala kwenda kusoma Unguja, nilipanga chumba Mji Mkongwe katika nyumba yenye sakafu ya mawe meusi na meupe. Siku moja bibi mwenye nyumba alimwambia kijana wa usafi, "Mwanangu, hapo maji na sabuni tu." Akajibiwa, "Usijali bibi, marumaru zote ni moja." Mawe manne yalififia siku ile ile.

Wapo watakaosema kwamba lugha hukua na wenye lugha ni watumiaji. Nakubali. Lakini kukua ni kuongeza. Hapa tulikuwa na maneno mawili kwa vitu viwili, tukabaki na moja. Hiyo ni hasara, na anayeilipa ni bibi.

Hasara ya pili ni vanishi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyonyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini na kuutoa hewani. Ukipaka vanishi sakafu ya chini ili ing'ae, unyevu hunaswa, chumvi huganda chini ya utando, na jiwe huanza kumomonyoka.

Kazi sahihi haina makuu. Fagia mchanga kwanza, maana hukwaruza. Piga deki kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, kausha. Kisha dondosha maji kidogo na usubiri dakika 10 hivi. Jiwe likibadilika rangi, linanyonya: litafutie dawa inayopenya ndani na kuacha mvuke upite, uijaribu kwanza pembeni. Sakafu ikiwa na unyevu daima, tafuta chanzo cha maji kabla ya kupaka chochote.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haipigi deki. Anayepiga deki hufuata neno alilosikia. Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu wasipitishe insha inayoita kigae marumaru, na wenzangu tunaotarajia kufundisha Kiswahili makwetu tuanze leo kukiita kigae kigae.