Cook: Mji uliozaliwa na reli, ukauawa na reli

KUBINAFSISHWA kwa shirika la reli la serikali ya Australia mwaka 1997 kuligeuza mji mdogo wa Cook, ulio katika uwanda mkame wa Nullarbor, kuwa mahame. Mji huo, ambao enzi zake ulikuwa na wakazi wapatao 200, hospitali, shule na hata bwawa la kuogelea, ukabaki kituo cha treni kujaza mafuta na madereva kupumzika.

Ni rahisi kuwatupia wamiliki wapya lawama zote. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba Cook ilianza kufa mapema zaidi.

Mji ulianzishwa mwaka 1917, ilipokamilika reli ya takriban kilomita 1,690 kati ya Port Augusta na Kalgoorlie, ukapewa jina la Joseph Cook, aliyepata kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Injini za mvuke zilihitaji maji na makaa njiani, nayo reli ilihitaji mafundi wa kuitunza. Bila watu jangwani, treni isingepita.

Mwaka 1951 zilianza kutumika injini za dizeli, zenye uwezo wa kwenda masafa marefu bila kusimama. Baadaye mataruma ya zege yalichukua nafasi ya yale ya mbao, na kazi ya mafundi ikapungua. Mwaka 1996 ikasitishwa treni maarufu ya "Chai na Sukari", iliyowapelekea wakazi chakula na mahitaji mengine. Yote hayo yalitokea reli ikiwa bado mali ya umma.

Kilichofanywa na ubinafsishaji, basi, ni kuhitimisha hesabu iliyokwisha kuanza. Kalgoorlie, iliyo kwenye njia hiyo hiyo, ilinusurika kwa kuwa ina dhahabu. Cook haikuwa na mgodi, shamba wala biashara nyingine. Ilikuwa na mwajiri mmoja tu.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa serikali zinazouza mashirika ya umma. Vichwa vya treni, mabehewa na njia huweza kuthaminiwa na kupata mnunuzi. Jamii iliyokua kando ya reli haimo katika orodha hiyo. Nani basi atawajibika kwayo siku treni itakapoacha kuihitaji? Swali hilo hupaswa kujibiwa kabla ya mkataba kutiwa saini, kwa kuwa baada ya hapo hubaki nyumba tupu.