Risala ya Mbwa wa Lupango kwa Baraza la Familia

Kwa wazee wa baraza la familia, upande wa baba na upande wa mama, mnaokutana Kikula, Likasi.

Kuhusu: watoto watatu, mama yao, na mali ya marehemu.

Wazee wetu, hodi. Anayewafikia ni Tutaona, mbwa wa lupango huu. Jina hilo marehemu alinipa kwa ajili ya majirani, si kwa ajili yangu. Tangu udongo wa Kamatanda umfukie akichimba msimu huu wa mvua, kila kitu ndani ya ua kimepata wa kukigombea: kinga (baiskeli), televisheni, magodoro, mabati, watoto. Mimi peke yangu hakuna aliyeniomba. Ndiyo maana nathubutu kutoa ushahidi, sina changu ninachokitetea.

Kilio kilikuwa hakijaisha. Wamama walikuwa bado wanaimba nje, bukari linasongwa katika sufuria za kuazima, na tayari baba mdogo alikuwa anaipitisha kinga mlango wa nyuma. Nilibweka nikapigwa teke, na mtu mmoja akawaambia wageni kwamba mbwa anamlilia bwana wake. Nilikuwa naita watu, wazee. Kulia nililia baadaye.

Kisha mkaja kwa watoto. Watu wa baba, kwa kuwa ni Waluba, wanasema mtoto ni wa ukoo wa baba, basi kijana apandishwe treni hadi Kamina. Watu wa mama ni Walamba, na kwao mtoto huhesabiwa kwa mama, basi wajomba wawachukue wote Sakania. Shangazi wa Kolwezi anamtaka msichana. Mbele yenu alisema ni kwa ajili ya masomo, kwenye simu alisema amechoka kuosha vyombo. Mtoto wa mwisho angoje aache kunyonya, ndipo mgombane upya. Desturi zenu zote mbili naziheshimu, nimekula mifupa ya harusi iliyoziunganisha. Lakini usiku ule mdogo alipochomwa na homa ya malaria na mama akazunguka kuomba pesa ya dawa, desturi zote mbili zilikuwa zimelala.

Mtu wa sheria alipokuja, alikaa chini ya mwembe nami nikawa chini ya kiti chake. Alieleza kwamba Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi, na kwamba mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wanagawana robo moja inayobaki. Mjane pia ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Nawaambia, masikio yenu yalisimama kuliko yangu. Jioni ileile wale ambao hawakujua hata majina ya watoto walianza kuwanunulia biskuti. Anayemlea mtoto ndiye atakayeshika sehemu yake: hesabu hiyo hata mbwa anaiweza.

Neno linaloniuma zaidi ni lile alilosemewa msichana. Kwa sababu alimwota baba yake kabla ya ajali na akasimulia, imesemwa kwamba anatembea usiku, kwamba yeye ndiye aliyemla baba. Wazee, kizingiti cha nyumba hii nakilalia mimi. Panya akipita najua, mlevi akipita barabarani najua. Mtoto huyo hajatoka usiku hata mara moja, isipokuwa kwenda chooni, na hata hapo ananiamsha nimsindikize kwa kuwa anaogopa giza. Mchawi gani anaogopa giza? Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Aliyelisema neno hilo yumo barazani, na alikuwa wa kwanza kukaa mezani.

Kwa hiyo sisi wa lupango huu tunadai. Watoto watatu wasitenganishwe, wabaki kwa mama yao, ndani ya nyumba hii. Likizo waende Kamina na Sakania kwa zamu, wajue kwao. Neno la uchawi lifutwe kwa sauti, mbele ya walewale waliolisikia. Mkishindwa kukubaliana, shauri liende tribinali ya watoto, na kijana aulizwe mwenyewe, maana ana akili ya kujieleza na hadi leo hakuna aliyemuuliza ila kama ameshiba. Kinga irudi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inabeba makaa ya mama sokoni, na sasa anayabeba kichwani. Televisheni mkiona vigumu kuirudisha, tutajadili.

Jibu tunaliomba kabla tiketi ya Kamina haijanunuliwa.

Nakala: kwa shefu wa kartie, ambaye namwomba radhi kwa habari ya suruali.